Mbwa wa Mtaani Anahitaji Makao, si Risasi

Kuna mwandishi aliyedai kwamba kumlea mbwa wa mtaani nyumbani ni anasa za kizungu, na kwamba dawa ya mbwa hao ni risasi; amepotoka. Kama hofu ni kichaa cha mbwa, hicho hukomeshwa kwa chanjo; Shirika la Afya Duniani linataka walau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe. Ukiwapiga risasi waliochanjwa, wadogo wasiochanjwa wanajaza nafasi yao. Sasa mbwa asiye na mwenyewe, nani atamshika achomwe sindano?

Hapa Majengo mbwa wadogo hujikunyata chini ya meza za wauza nyama, mbavu nje. Mchukue mmoja, mpe maji na ugali, mpeleke kwa daktari wa mifugo, kisha mtafutie mwenyewe. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo Tanzania tangu 2008. Itumieni kuwalinda.