Usalama Utangulie Suluhu

Tangu mwaka 1971 Sheria ya Ndoa ya Tanzania, katika kifungu chake cha 66, imetamka bayana kwamba hakuna aliye na haki ya kumwadhibu mwenziwe wa ndoa kwa kipigo, ijapokuwa mila yasema vinginevyo; walakini hata leo mke aliyevimba uso akikimbilia kwa wazee hupokewa kwa wasia ule ule, kwamba arudi akavumilie, asije akawatia jamaa zake fedheha.

Naona kosa letu kubwa ni kuitanguliza suluhu. Suluhu huwafaa wawili wanaoweza kusemezana pasipo hofu; bali yule ambaye fedha zake hutwaliwa, simu yake hupekuliwa, ndugu zake hukatazwa kumzuru, na kila neno lake hujibiwa kwa tishio ama kofi, hana uhuru wa kunena mbele ya mdhalimu wake, na radhi aitoayo barazani huitoa kwa kiwewe. Dhuluma hiyo si ghadhabu ya ghafla, maana mdhalimu huyo huyo huweza kujizuia mbele ya mkuu wake wa kazi. Ni tadbiri ya kumtawala mwenziwe, nayo huwafika hata wanaume, ingawa wanawake ndio wengi.

Basi aliyejeruhiwa na apelekwe kwanza penye amani, kisha polisi, ambako vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto, apewe fomu ya PF3 aende nayo hospitali, majeraha yake yatibiwe na kuandikwa, ili mahakama ipate ushahidi. Naye aliyenajisiwa afike kwa tabibu kabla ya saa 72 kupita, apate dawa ya kumkinga na virusi vya UKIMWI. Asiye na ujira wa wakili atafute wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Na kwa ajili ya mtoto ipo simu 116, isiyo na malipo. Kwa jirani zetu wa Kenya, namba ya waliofikwa na ukatili wa kijinsia ni 1195.

Sheria ile ya ndoa yautaja ukatili, wa mwili na wa nafsi, miongoni mwa dalili za ndoa iliyovunjika. Kwa hiyo kila shekhe, padri, somo na mzee aketiye kusuluhisha amwulize mlalamikaji faraghani kama yu salama kurudi nyumbani. Akijibu kuwa si salama, shauri liahirishwe, na mzee mwenyewe amsindikize hadi kituoni.