LIKIZO NA WATOTO, SEHEMU YA 4: MJI MMOJA KWA SIKU UNATOSHA

 

Baada ya sehemu ya 3 kuhusu watoto kwenye ndege, wengi wenu mnaoishi huku Ulaya mmenitumia ratiba zenu za Italia. Mmekodi nyumba shambani huko Toscana, wiki moja, na mnataka kuona ile miji ya kale iliyojengwa juu ya vilima. Safi sana. Ila ratiba nyingi zinafanana: asubuhi San Gimignano, saa sita Volterra, saa tisa Monteriggioni, jioni Siena. Na mtoto wa miaka miwili yumo humo humo.

Msimamo wangu ni huu, na najua baba watoto wengine hawataupenda: mji mmoja kwa siku unatosha. Na kuna siku msiende mji wowote.

Jibu ninalolipata ni lile lile: "Tumelipa hela nyingi nesi, lazima tuone kila kitu." Nawaelewa, hela inauma. Lakini hebu tuangalie miji yenyewe ikoje.

Watu wa zamani walijenga juu ili adui asiwafikie kirahisi. Kulikuwa na sababu nyingine pia: homa. Mabonde ya Maremma, upande wa pwani ya Toscana, yalisumbuliwa na malaria kwa karne nyingi. Hata neno lenyewe "malaria" ni la Kiitaliano, maana yake hewa mbaya, kwa sababu walidhani ugonjwa unatoka kwenye hewa ya madimbwi. Kumbe ni mbu. Italia ilitambuliwa kuwa imemaliza malaria mwaka 1970 tu.

Kwa hiyo kufika huko ni kupanda. Gari mnaliacha chini, nje ya ukuta, maana ndani magari ya wageni kwa kawaida hayaruhusiwi. Kamera zinapiga picha namba ya gari, na faini inawafuata hadi nyumbani. Kisha mnapanda kwa miguu kwenye mawe na ngazi. Kigari cha mtoto kinarukaruka, mtoto analia, anataka kubebwa. Nani anambeba? Tunajuana. Sasa zidisha mara nne kwa siku, mwezi wa saba au wa nane, joto likipita nyuzi 30. Na katikati ya mji mmoja na mwingine kuna barabara za kona kona, ambazo watoto wengi hutapika.

Hapo ndipo naongea kama nesi. Mwili wa mtoto mdogo unapata joto haraka kuliko wako, na hawezi kukwambia vizuri kwamba ana kiu. Kila majira ya joto tunapokea watoto walioishiwa maji mwilini, na wazazi wao si wazembe. Walikuwa na ratiba ndefu tu.

Dalili muwe nazo kichwani: pampasi inakaa kavu muda mrefu, mkojo ni wa njano iliyokolea, mdomo mkavu, analia bila machozi, macho yameingia ndani, utosi wa mtoto mchanga umebonyea, au amelegea na hataki kucheza. Ukiona amelegea, haamki vizuri, au anatapika kila kitu, usisubiri mrudi nyumbani. Piga 112.

Na jamani, ile kufunika kigari na kanga ili mtoto apate kivuli, acheni. Hewa haipiti, ndani joto linapanda haraka. Mwavuli na kofia vinatosha, au mbeleko mkiwa kivulini. Kunyonya kuwe mara nyingi zaidi. Wa chini ya miezi sita haongezewi maji, anaongezewa ziwa.

Sasa siku ya mji mmoja inakuwaje? Chukua Siena. Mnafika saa mbili na nusu asubuhi, mawe bado ya baridi. Mnashuka uwanja wa Piazza del Campo, ambao umeinama kama ganda la chaza. Mtoto anakimbia pale hakuna gari la kumgonga. Jua likipanda, mnaingia Santa Maria della Scala, mbele ya kanisa kuu. Leo ni makumbusho, lakini ilikuwa hospitali, mojawapo ya kongwe kabisa Ulaya, na ilipokea wagonjwa hadi karne ya 20. Ilihifadhi mahujaji, ikalea watoto waliotupwa na kuwalipia wanawake wa kuwanyonyesha. Kwenye kuta za wodi kuna michoro ya miaka ya 1440: majeruhi anahudumiwa, na matabibu wanaangalia mkojo kwenye chupa. Karibu miaka 600 iliyopita, na mimi bado nawaambia angalieni mkojo! Hayo yote huyaoni ukiwa na dakika arobaini kabla ya mji unaofuata.

Kuanzia kama saa saba mchana maduka mengi ya miji hii hufungwa hadi saa tisa au kumi. Wenyeji wanapumzika. Nanyi rudini shambani, mtoto alale, mama alale. Mkitaka, tokeni tena jioni jua likipoa. Siku mtoto anapotaka kutembea mwenyewe, mpelekeni Monteriggioni. Ni kadogo, unatoka lango moja hadi la pili kwa dakika chache. San Gimignano ipeni asubuhi yake, mtoto ahesabu minara. Zamani inasemekana ilikuwa zaidi ya 70, leo imebaki kama 14. Mtoto wa miaka mitano hiyo ni kazi ya asubuhi nzima na anaipenda.

Maji: mabomba mengi ya mitaani yana maji salama, ila soma kibao. "Acqua potabile" jaza chupa. "Non potabile" acha.

Moja muhimu kwa sisi hasa. Wengine mnatoka kusalimia bibi Tanga au Kisumu, halafu wiki inayofuata mko Toscana. Mtoto akipata homa, usiseme ni jua. Nenda hospitali siku hiyo hiyo na useme mwanzoni kabisa, "Tumetoka Afrika Mashariki, naomba apimwe malaria." Daktari wa kule anaweza asiifikirie, maana kwake ni habari ya mababu. Malaria inaweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya kurudi, na kwa mtoto haisubiri.

Mwisho, mama. Likizo ambayo wewe ndiye unabeba mtoto, begi, maji na ratiba ya mwenzio, hiyo ni zamu ya kazi bila mshahara. Kaeni leo jioni na baba watoto, chukueni ile orodha, kila siku mbakize mji mmoja. Mingine futeni pamoja, asije akasema umefuta peke yako.

Sehemu ya 5 nitaandika kuhusu mkoba wa dawa wa safarini. Maswali tuma, najibu nikitoka zamu.