Kizuri Hakijiuzi

Methali iliyonichosha kuliko zote ni "kizuri chajiuza". Mjomba aliitamka sebuleni kwa bibi, Tanga, akiwa ameshika simu yenye picha ya bango la filamu ya Dracula ya mwaka 1931, lililouzwa mnadani Marekani Novemba 2017 kwa dola 525,800. Alikuwa ameshakata shauri: mabango ya babu yaende kwenye kampuni ya mnada yenye jina kubwa kuliko zote, mengine yatajipa.

Babu alikuwa mkata tiketi kwenye sinema moja ya hapa. Ilipofungwa, alibeba mabango 31 akayahifadhi kwenye sanduku la bati: mengi ya filamu za Kihindi, machache ya kauboi, na moja la Mother India ya 1957 lililoliwa na mende pembeni. Sanduku sasa ni la bibi, na bibi anataka kuezeka nyumba upya. Kwa hiyo sibishani na mjomba kwa kujifurahisha. Nabishana kwa sababu makosa yetu yatavuja juu ya kitanda cha bibi.

Kwanza, bei ya rekodi ni tangazo la biashara la dalali. Nakala zilizosalia za bango lile la Dracula ni chache mno, na filamu za kutisha za miaka ile zina wakusanyaji wenye fedha nyingi. Hilo halituambii chochote kuhusu bango la kauboi lililochapishwa kwa wingi. Tena bei ile ilijumuisha ada ya mnunuzi, ambayo haiingii mfukoni mwa muuzaji. Swali la kumuuliza dalali ni hili: mwaka jana uliuza mabango mangapi yanayofanana na yetu, kwa bei gani, na mangapi yalikosa mnunuzi?

Pili, hesabu. Tuseme nyundo inagongwa kwenye dola 1,000. Kampuni inamtoza mnunuzi asilimia 20 juu yake, na muuzaji asilimia 15. Mnunuzi analipa 1,200, bibi anapata 850, dalali anabaki na 350. Bado hujatoa bima, picha na gharama za kusafirisha. Mjomba anasema ada ya mnunuzi haituhusu. Inatuhusu sana! Mnunuzi aliyepanga kutumia 1,200 anajua lazima asimame kwenye 1,000. Ada zote mbili zinatoka kwenye bango lilelile.

Tatu, mkataba. Kampuni moja ya ng'ambo ilitutumia kurasa tisa. Ukurasa wa saba ulisema tukiliondoa bango kabla ya mnada tutalipa asilimia ya bei waliyoikadiria wao wenyewe, na kwamba wao ndio wataamua lipi liuzwe peke yake na lipi liingie kwenye bunda. Mabango yetu yangefungwa kumi kumi kama mitumba, mfanyabiashara mwingine angelinunua bunda, angelifungua na kuuza moja moja. Faida ya uvumilivu ingekuwa yake.

Wenzangu wa darasa la uzamili wana hoja nyingine: kosa ni kuuza kabisa, urithi upelekwe makumbusho. Naiheshimu, ila naona inatolewa na watu ambao paa lao halivuji. Nilichokubali ni kupiga picha kila bango mbele na nyuma, na kuandika yote ambayo bibi anayakumbuka juu yake. Kazi hiyo haihitaji dalali.

Mimi nataka kampuni inayojua mabango, hata kama ni ndogo. Iuze kila bango peke yake. Itaje kila tundu na kila mkunjo bila kuficha, kwa sababu mnunuzi aliye mbali hulipa kwa kuamini maelezo. Mikunjo yenyewe si aibu. Hadi miaka ya 1980 mabango ya Marekani kwa kawaida yalisafirishwa yakiwa yamekunjwa. Kinachoua bei ni gundi na selotepu. Mjomba alikuwa tayari kuyapeleka mjini yakafanyiwe lamineshi, nikalikalia sanduku.

Bibi alitusikiliza jioni nzima, kisha akauliza: "Huyo dalali anakula kiasi gani, na sisi tunalipwa lini?" Nililipeleka swali hilo, neno kwa neno, kwa kampuni mbili. Ile kubwa ilinirudisha kwenye kurasa zake tisa. Ndogo ilijibu kesho yake kwa asilimia moja na tarehe moja.

Bibi ametia saini ya mabango kumi ya kwanza. Mother India amelirudisha sandukuni. Mjomba bado amenuna.