Mahari Hujapewa, Tiketi Umeshakatiwa?



Mfunguo Mosi ukiingia tu, harusi zinafuatana, na kila biharusi anaulizwa swali moja kabla hata hina haijakauka: "Fungate mnakwenda wapi?" Majibu ninayoyasikia ni yale yale manne: Dubai, Maldives, Istanbul, Cape Town. Akitokea mmoja akasema Kilwa, watu wanamtazama kwa huruma. Akisema Dodoma, wanadhani mume kafilisika.

Mimi naandika kutoka Miyuji, kaskazini ya mji wa Dodoma, kwenye njia ya kwenda Kondoa. Ndoa ndiyo iliyonileta huku kutoka Unguja, na leo nimekuja kugombana.

Kwanza tukumbushane fungate ni nini. Neno lenyewe ni hesabu ya zamani ya saba. Zilikuwa siku saba ndani ya nyumba, aghalabu kwa kina biharusi, chakula kinatoka jikoni kwa mama yake, somo hayuko mbali, na wawili wale hawana kazi nyingine isipokuwa kuzoeana. Hakukuwa na pasipoti. Sisemi turudi huko kwa lazima. Nyumba zetu za siku hizi hazina hata chumba cha kumficha somo. Nasema tu kwamba anayekwambia fungate bila ndege si fungate, hajui neno analolitumia.

Sasa linaloniuma. Nimekaa kwenye vikao vya wanawake nikasikia mahari ya msichana imetajwa, imekubaliwa, halafu imeandikwa "deni". Haya, kuakhirisha mahari kwa makubaliano inajuzu, sibishi. Lakini bwana harusi yule yule aliyeomba apewe muda, mwezi huo huo kakopa kazini mamilioni ya kwenda kupiga picha ufukweni. Yaani pesa zipo, ila si zako. Zipo za hoteli, za ndege, za mpiga picha. Sura ya An-Nisaa, aya ya 4, imeliweka jambo hili wazi: mahari ni ya mwanamke, apewe kwa roho safi. Masheikh wetu wa Kishafi wanafundisha hata kwamba mke ana haki ya kujizuia mpaka akabidhiwe mahari iliyokubaliwa kulipwa papo hapo. Hakuna kitabu cha fiqhi kilichoandika haki ya mke kupelekwa Maldives.

Na mkirudi, mkopo ule unakatwa kwenye mshahara wa nani? Wa mume, ndiyo. Lakini sukari ya nyumbani inapungua kwako wewe. Albamu ya picha haichemshi chai.

Mnanambia, "Lakini Maldives ni nchi ya Waislamu." Ni kweli, nchi ni ya Waislamu. Visiwa vya hoteli ni habari nyingine: pombe inauzwa humo kwa ruhusa, na nguo za kuogelea ni zile zile unazozikwepa Nungwi. Tena hapo ndipo ninapocheka peke yangu. Mtaliana anakusanya pesa mwaka mzima aje fungate Nungwi. Biharusi wa Nungwi anakopa aende kuona mchanga mweupe, maji ya kijani na mnazi ulioinama. Wanapishana angani.

Walioharibu zaidi ni wauza safari. Bara hili lina nchi 54 na ukubwa wa kilomita za mraba milioni 30 hivi, lakini kwenye vikaratasi vyao Afrika ni simba mmoja, ngamia mmoja na ufukwe mmoja. Vimetengenezwa kwa ajili ya mgeni anayekuja mara moja katika umri wake, sisi tunavinunua vile vile vilivyo. Msichana mmoja wa kwetu aliuziwa safari ya siku tano kwa maneno "kila kitu halali". Alipofika akakuta halali ni samaki tu, na ratiba imepangwa hivi kwamba Adhuhuri na Alasiri zote zinamkuta ndani ya gari, dereva hana habari ya kusimama. Hakuna aliyemuuliza anasali saa ngapi. Na yeye hakuambiwa kwamba angeweza kuuliza.

Hebu tujiulize mtu wetu alisafiri vipi. Ibn Battuta alitoka Tangier, akafika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na miaka ishirini baadaye akawa anavuka Sahara kwenda Mali. Kila alikopita alitafuta kadhi, msikiti, wanachuoni, akaandika watu wanakula nini na wanavaa nini. Alikwenda kuwaona watu. Qur'ani inapotuhimiza tutembee katika ardhi, inatutaka tutazame na tuzingatie: uumbaji ulianzaje, waliotutangulia waliishia vipi. Kulala kwenye kiti cha ufukweni siku tano hakumo, ingawa si haramu, na mchovu wa harusi nampa udhuru wa siku mbili.

Kwa kipimo hicho bara letu limejaa. Iko Harar, Ethiopia, mji wa ukuta na misikiti, ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Kuna Lamu. Kuna Kilwa Kisiwani, ambako msikiti wake mkubwa wa mawe ulikuwa umezeeka tayari siku Mreno alipotia nanga. Hata hiyo Cape Town, ukinambia unakwenda Bo-Kaap kusali na Waislamu ambao wazee wao waliletwa kule kama watumwa na wafungwa wa Waholanzi, nitakuombea dua na kukufungia maandazi. Ukinambia unakwenda kupiga picha na ile milima nyuma, sina la kusema.

Na mwaka ule ule wa 2006, orodha ile ile iliipokea Kondoa. Hapa ndipo mnaponuna, najua.

"Dodoma kuna nini? Vumbi tu." Vumbi lipo. Mvua zetu ni za miezi michache, Disemba mpaka Aprili, na zikikatika zimekatika. Lakini Juni na Julai kuna ubaridi mtamu ambao Unguja hamuujui, asubuhi unatafuta sweta. Mibuyu imesimama kila upande. Ule ubuyu mwekundu tunaojivunia Darajani, mti wake uje uuone huku Ugogo. Wanawake wa Kigogo wanapiga ngoma ya muheme, wenyewe, ngoma imebanwa kati ya magoti, si mwanamume anayewapigia. Aliyekulia kwenye msondo wa harusi za kwetu akisikia muheme anajua kakutana na ndugu yake. Mkitaka kusali mjini, upo Msikiti wa Gaddafi uliofunguliwa mwaka 2010, mkubwa kiasi kwamba biharusi wa Unguja atanyamaza kidogo.

Na kuna jambo jingine la kuwanyamazisha wale wa kwetu wanaoita huku "bara" kwa kubinya midomo. Wazee wetu walipita hapa. Misafara ya karne ya 19 ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo, ikalipa hongo kwa watemi wa Kigogo ili ipate maji na njia. Hawakuja kustarehe. Walikuja kwa pembe, na walirudi na watu wamefungwa minyororo. Mzanzibari akija Dodoma akala mlenda wa mwenyeji, akasalimiana, akajua jina la jirani, huyo anatembea njia ile ile kwa nia nyingine. Mimi naliona hilo ni kubwa kuliko bwawa la kuogelea lenye maua juu yake.

Kondoa yenyewe ilikua kwenye njia hizo za misafara, na Warangi wengi ni Waislamu. Adhana utaisikia bila kuitafuta. Barabara ya lami kutoka Dodoma hadi Babati imekwisha, ilizinduliwa 2018. Mbele ya mji wa Kondoa iko Kolo, na juu ya vilima vyake watu wa kale walichora kwenye mawe: wanyama, na watu warefu wembamba kwa rangi nyekundu, na wengine waliokuja baadaye wakachora kwa nyeupe. Mapango na vivuli vya mawe vyenye michoro vinapita 150. Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akinakili michoro hiyo moja moja. Chukueni mwongozaji pale pale Kolo, na biharusi avae viatu vya kufunga, maana sehemu ya mwisho ni kupanda kwa miguu.

Dada mmoja alinikemea: huko kuna mizimu, Muislamu anafuata nini? Ni kweli, baadhi ya mapango watu bado wanayafanyia matambiko ya mvua na uponyaji. Sisi hatuendi kutambika. Tunakwenda kutazama waliotutangulia, kama tulivyoamrishwa. Mbona Cairo mnapiga picha na mafirauni na hakuna anayewakemea?

Kuhusu mvinyo wa Dodoma, tusiuzungushe: upo, una jina, na hautuhusu. Zabibu zenyewe zinatuhusu. Zinavunwa mara mbili kwa mwaka, kiasi cha Februari na Machi, tena Agosti na Septemba, na kula kishada kilichotoka mtini asubuhi ile si sawa na zile zilizokunjamana kwenye pakiti.

Wapo pia wanaume watakaosoma haya na kusema mwanamke asihangaike na safari, akae ndani. Safari ya mwanamke peke yake ina maneno ya wanazuoni na siyo mada yangu leo. Biharusi na mumewe, mahram yuko wapi tena zaidi ya huyo? Ninachodai ni kwamba na yeye aulizwe. Mume asimletee tiketi kama zawadi ya kumfumba mdomo.

Basi biharusi, kabla ya kukubali popote, uliza mahari yako iko wapi. Ukishaishika mkononi, chukueni boti asubuhi mpaka Dar. Treni ya umeme inafika Dodoma tangu Julai 2024, saa nne au pungufu. Nauli ya kawaida ilipangwa shilingi 31,000, na kituo cha huku kimepewa jina la Rais Samia, mwanamke wa kwetu. Mkipata ya mchana, Magharibi mnasali Dodoma. Miyuji si mbali na hapo, na chai ipo.