Vumbi la Mbao: Pipa Tutalitengeneza, Gharama Alipe Tajiri



Mtu akipita Ndeeba hapa Kampala asubuhi, umeme ukiwapo, atasikia misumeno na randa za mashine toka barabarani, na kabla hajafika mlangoni atakuwa amekwisha vuta vumbi la mbao. Sisi tushughulikao humo tumelizoea. Twafunga kitambaa puani, jioni twanywa maziwa tukiamini kwamba yasafisha kifua, na kesho yake twarudi. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayapiti mapafuni.

Fundi aliyenifundisha kazi hii alipasua mbao zaidi ya miaka ishirini katika karakana isiyokuwa na hata dirisha moja upande wa mashine. Kila siku ya mvule alipiga chafya na macho yakavimba. Baadaye akaanza kukohoa usiku, pumzi ikawa fupi. Mwenye karakana alimwambia akapumzike nyumbani, bila mshahara, mpaka apone. Hakurudi tena kazini. Wakati ule sikuwa na la kusema, maana hata mimi nilidhani ni kifua cha kawaida.

Mvule wajulikana kwa kuwasha ngozi na kuleta pumu. Lakini liko kubwa zaidi. Katika miaka ya 1960, huko High Wycombe, Uingereza, mji uliotengeneza viti kwa vizazi vingi, daktari wa pua na koo aitwaye Esther Hadfield aliona kwamba saratani ya ndani ya pua, ugonjwa ulio adimu sana, iliwapata watengenezaji wa samani kupita watu wengine. Yeye na Dk. Acheson na wenzao waliandika habari hiyo mwaka 1968. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao Lyon, Ufaransa, likatangaza kwamba vumbi la mbao ni miongoni mwa vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu.

Uingereza siku hizi kikomo ni miligramu 3 za vumbi la mbao ngumu kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Hebu tupige hesabu. Karakana ya mita 6 kwa 5, yenye dari la mita 3, ina mita za ujazo 90. Basi vumbi lisilofika theluthi moja ya gramu, kama chumvi inayoshikwa kwa vidole viwili, likielea humo latosha kufikisha hewa yote kwenye kikomo. Maranda unayoyafagia jioni si adui. Adui ni lile vumbi usiloliona mpaka jua lipenye tundu la bati.

Wapo wasemao kwamba mashine za kuvuta vumbi ni za viwanda vikubwa. Za kununua, ndiyo, bei yake haishikiki. Lakini kazi yake fundi yeyote aweza kuielewa. Chukua pipa la chuma la lita 200 lenye mfuniko. Bomba la kuingiza hewa lichomelewe ubavuni, karibu na juu, likiingia sambamba na ukuta wa pipa, si kuelekea katikati. Hewa ikiingia hivyo huzunguka. Teksi ikikata kona kwa kasi abiria hubanwa ubavuni. Ndivyo maranda na unga wa mbao unavyobanwa kwenye ukuta wa pipa, ukapoteza mwendo na kuanguka chini. Hewa hupanda na kutoka kwa bomba la pili, lililopita katikati ya mfuniko na kushuka kidogo ndani. Feni hufungwa baada ya pipa, ili ivute, na vipande vya mbao visipige mabapa yake. Pangaboi la mezani halifai hata kidogo. Yatakiwa feni yenye nyumba ya bati iliyojikunja kama konokono, na mota ya nguvu ya farasi 1 hadi 2. Mfuniko uzibwe kwa mpira wa tyubu kuukuu, kwani pipa likivuja hewa chini au juu, unga wote hupanda tena na kwenda zake.

Makosa niliyoyaona ni mawili. La kwanza, mdomo wa bomba kuwekwa mbali. Bomba la inchi 4 likiwa inchi 4 tu kutoka kwenye meno ya msumeno, mwendo wa hewa mahali pale hubaki kama sehemu moja ya kumi. Lazima mdomo uguse mashine. La pili ni baya zaidi: hewa ya feni kurudishwa ndani. Pipa hukamata vumbi nene, lakini lile jembamba, ndilo hasa liuaolo, hupita. Basi litolewe nje, juu ya paa, mbali na dirisha la jirani.

Na tahadhari moja ya kufa na kupona: usikate kwa moto pipa lililowahi kubeba petroli au dizeli. Mvuke uliobaki hulipuka. 

Sasa kuna wenzetu wasemao kwamba tukijitengenezea, twamsaidia tajiri kukwepa wajibu wake. Sikubaliani nao, ingawa hofu yao naielewa. Kungoja ni kuendelea kuvuta. Ila pipa, mota, na saa za kulitengeneza zisitoke mfukoni mwetu. Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 yamtwika mwajiri wajibu huo. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, wasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya zisimgharimu mfanyakazi chochote, na mwezi Juni 2022 Shirika hilo liliingiza mazingira salama ya kazi katika haki za msingi. Najua, mwenye karakana ndogo mara nyingi ni fundi mwenzetu aliyepata mashine mbili. Basi na alipe kidogo kidogo, lakini iandikwe.

Jambo la mwisho ni nani amwagaye pipa. Kila mahali kazi hiyo hupewa kijana mwanagenzi, na humwaga huku ameinama, bila chochote usoni. Pipa limwagwe likifika nusu, mashine zikiwa zimezimwa, na yule kijana apewe barakoa ya kweli kabla fundi mkuu hajajinunulia yake.