Watu sita ufukweni Itsamia

Safu ya Mwanahawa Bakari

Kule Itsamia, kisiwani Mwali, Komoro, tuliambiwa tuzime tochi na simu kabla hatujaukanyaga mchanga. Tulikuwa sita. Kijana wa kijiji aliyetutangulia akatukalisha chini mmoja mmoja, akanyoosha kidole gizani. Kasa alikuwa anapanda kutoka majini, mzito wa zaidi ya kilo 100, anajivuta, anapumzika, anajivuta tena, na pumzi zake tunazisikia. Akiona mwanga wakati ule hugeuka akarudi baharini na mayai yake. Alipokwisha kuchimba na kuanza kutaga, ndipo kijana alipowasha taa ndogo nyekundu, akatuita wawili wawili. Mayai yalikuwa meupe, ya duara kama mipira ya tenisi ya mezani, yanadondoka shimoni bila haraka.

Tangu nirudi, watu wananiuliza kama Komoro ni nchi ya kutembelea. Nawajibu: nenda, ila nenda na kikundi kidogo, na anayewaongoza awe mwenyeji wa pale pale. Basi la watu arobaini lingefika Itsamia, tusingeona kitu na yule kasa asingetaga.

Visiwa hivi vitatu vilivyojitangazia uhuru mwaka 1975 si vigeni kwetu kiasi tunavyodhani. Sheikh Ahmed bin Sumeit, kadhi wa Unguja ambaye jina lake bado linatajwa kwa heshima, alizaliwa Itsandraa, Ngazija, mwaka 1861. Lakini wangapi kati yetu wamekwenda kwao? Sokoni Moroni nilimlipa mama mmoja pesa za ndizi akaniambia, "Marahaba." Nikababaika, maana sikuwa nimempa shikamoo. Mwongozaji wetu akanieleza kwamba kwao hilo ndilo neno la kushukuru. Kitabu cha wasafiri kingeweza kunipa tafsiri hiyo, lakini kisingenipeleka kwa yule mama siku ya pili yake nikamjibu inavyopasa.

Iconi, kisiwani Ngazija, ni hivyo hivyo. Ukiwa peke yako utaona jabali juu ya bahari, utapiga picha, utaondoka. Sisi tulisimuliwa, kwa sauti ya chini kama ya mtu aliye matangani, habari za wanawake waliojirusha kutoka juu pale wasichukuliwe utumwani na wavamizi kutoka Madagaska.

Ghali? Ndiyo, na sitamficha mtu. Mkiwa wachache, gharama ya gari na boti inagawanywa kwa vichwa vichache. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, uliza: anayetuongoza anatoka kijiji gani? Tutalala kwa nani? Kijijini panabaki kiasi gani? Wakala akianza kuzunguka na maneno, tafuta mwingine.

Uliza pia nani mwenye kauli ya mwisho baharini. Pale Chindini, Ngazija, tukitaka kuvuka kwenda Hoani, Mwali, mawimbi yalikuwa makubwa na mwongozaji akakataa katakata. Mwenzetu mmoja alifoka kwamba ratiba imelipiwa. Tulilala upande ule ule, tukavuka kesho yake bahari imetulia, na yule aliyefoka ndiye aliyekuwa wa kwanza kumshika mkono.

Asubuhi baada ya usiku wa kasa nilirudi ufukweni. Kijana yule alikuwa anatembea peke yake na daftari, anahesabu alama za mapezi kwenye mchanga kabla maji hayajazifuta.