Damu, Malezi na Haki ya Mtoto

Katika mambo yaliyozitatiza sheria za Afrika ya Mashariki tangu enzi za ukoloni, ni machache yaliyowadhuru viumbe wasio na hatia kama suala la nani ahesabiwe baba wa mtoto, na kwa hujja gani. Kwani umama huonekana kwa macho, lakini ubaba, kwa karne nyingi, ulikuwa ama ukiriwe na mwenyewe, ama udhaniwe na sheria kwa sababu ya ndoa.

Kenya ni mfano ulio wazi. Sheria ya 1959 ilimwezesha mama asiyeolewa kumshitaki mwanamume aliyemzalisha na kudai matunzo ya mtoto. Mwaka 1969 Bunge, ambalo halikuwa na mbunge wa kike hata mmoja, likaifuta, kwa madai kwamba wanawake waliifanya chombo cha kuwadhulumu wanaume. Hoja hiyo, pamoja na ubinafsi wake, haikukosa chembe ya ukweli, maana kipimo cha damu cha siku zile kiliweza kumtoa mtu katika tuhuma, wala hakikuweza kuthibitisha kuwa ndiye. Lakini dawa ya ushahidi dhaifu ni kuutafuta ulio imara, si kumwacha mtoto na njaa. Hata Sheria ya Watoto ya 2001 ilimtwika mama asiyeolewa mzigo kwanza, mpaka Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, ilipotamka kuwa wajibu wa wazazi ni sawa, wawe wameoana au hawakuoana.

Leo udhuru wa 1969 haupo tena. Kipimo cha vinasaba hutoa jawabu linalokaribia yakini, na Tanzania, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, imekitaja miongoni mwa ushahidi wa uzazi, pamoja na daftari la vizazi na kukiri kwa baba hadharani.

Hata hivyo kipimo hicho kimeleta msiba wake. Mwanamume amemlea mtoto miaka kumi, akampa jina lake, akamuuguza, akamsomesha. Kisha, ugomvi unapozuka baina yake na mkewe, huenda maabara, na tangu siku anapopokea majibu hujiona hadaiwi kitu. Wazee wa pwani waliitambua hatari hii zamani, wakasema kitanda hakizai haramu. Na mafakihi wa Kiislamu waliweka kanuni kuwa mtoto wa ndoa ni wa mume, ila mume amkane kwa liani, kiapo kizito kisichokubaliwa kwa aliyekwisha kumkiri mtoto kuwa ni wake. Hekima yake, nionavyo mimi, ni kwamba hasira ya mtu mzima isiwe na uwezo wa kumfanya mtoto yatima ilhali baba yake yu hai.

Mirathi ni jambo zito zaidi. Katika fiqhi aliyezaliwa nje ya ndoa hana nasaba kwa mwanamume aliyemzaa, hivyo hamrithi. Na Mahakama ya Juu ya Kenya ilipoamua, Juni 2025, kwamba watoto wa marehemu Mwislamu wasinyimwe urithi kwa sababu hiyo, viongozi kadhaa wa Kiislamu waliipinga hukumu. Mjadala huo ni wa imani, nao wastahili kuendeshwa kwa adabu. Lakini chakula, dawa na ada ya shule havingoji mtu afe.

Damu humfunga aliyezaa, na malezi humfunga aliyelea, wala kimoja hakimfungui mtu na kingine. Nawaomba basi watunga sheria wetu waamuru kwamba aliyethibitika kuzaa alipe kwa wajibu, si kwa hisani, na kwamba hakimu asiagize kipimo cha vinasaba juu ya mtoto aliyekwisha kulelewa ila aridhike kwanza kuwa kitamfaa mtoto mwenyewe.